Asainmenti ya maadili: vile unaweza kuchukua tatizo la huku kwetu ukalifikiria mpaka mwisho (mfano ni bodaboda za Lamu)

Hii nawaandikia wanafunzi wa chuo wa huku Pwani, hasa wale yunit ya maadili imewaangukia tu kwa sababu ni ya lazima, mtu anasomea uhasibu ama unesi ama ualimu halafu mwisho wa semesta anaambiwa chagua tatizo moja la jamii yako ulichambue kimaadili, kurasa kumi. Mimi ni mtu wa Langoni, mtaa wa Lamu, na kazi yangu ni kusaidia kufundisha hiyo yunit na kusahihisha, na kila semesta nakutana na kazi ile ile: ukurasa wa kwanza maana ya maadili, wa pili Kant, wa tatu Mill (wanafalsafa wa Ulaya), halafu "madawa ya kulevya yameathiri vijana wengi", halafu mwisho "serikali na wazazi washirikiane". Ukitoa jina la Lamu ukaweka Kisumu hakuna kitu kitabadilika humo ndani. Alama unazopewa hapo ni za huruma.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, bodaboda ndani ya mji wa kale wa Lamu, manake hilo kila mtu ana maneno nalo, marufuku zishatolewa na bado pikipiki unazisikia. Wewe wa Malindi weka la kwako, njia ni hiyo hiyo.

Hatua ya 1: punguza mada mpaka ibaki uamuzi

Umaskini, unga (heroini), mimba za mapema, uchafuzi wa mazingira, hayo ni majina ya shida tu. Huwezi kusema umaskini ni sawa ama si sawa. Unachoweza kusema ni sawa ama si sawa ni jambo ambalo mtu fulani anataka kulifanya. Kwa hivyo kabla hujafungua laptopu jiulize nani anaamua, anaamua kati ya nini na nini, na mzigo wa huo uamuzi utamwangukia nani. Ukikosa jibu la moja hapo bado mada yako ni kubwa, endelea kukata.

Tuchukue unga. Malindi kuna kliniki ya methadone, dawa ya kuwasaidia watu waache heroini, tangu 2015, na anayetumia ile dawa inabidi aende kuinywa pale pale kliniki, kila siku, muuguzi akimwangalia. Sasa badala ya "athari za mihadarati" andika hivi: kijana hajaonekana siku tatu, mamake amekuja kuuliza kama mwanawe bado anakuja, muuguzi amwambie ama asimwambie? Hapo kuna siri ya mgonjwa, kuna mama ambaye pengine ndiye anayemlisha na kumlipia matatu, na kuna hatari kijana akijua anasemwa atakimbia kabisa. Kurasa kumi hazitatosha.

Ama maji. Mji wa Lamu unategemea visima vya kwenye milima ya mchanga ya Shela, mvua inazama mchangani, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi, na ukijenga pale juu ukachimba mashimo ya vyoo ukavuta maji kupita kiasi, chumvi inapanda. Mtu ana kiwanja pale, amekinunua kwa pesa zake, hati anayo. Kaunti impe kibali cha kujenga?

Na la kwetu: kaunti iache bodaboda zipite barabara ya pwani na ndani ya mitaa ya mji wa kale, ama izizuie kabisa, ama iziwekee saa na mipaka? Bas, hilo ni swali lenye mtu wa kulijibu.

Hatua ya 2: habari kwanza, hukumu baadaye

Ugomvi mwingi tunaouita wa maadili ukiuangalia vizuri ni wa habari. Huyu anasema boda zinagonga watoto, yule anasema hazijagonga mtu, na wote wawili wanakubaliana kwamba kugonga mtoto ni vibaya, sasa wanabishania nini? Wanabishania hesabu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeifanya.

Chukua karatasi uigawe safu tatu: najua, nimesikia, nataka. Kwenye "najua" weka kwamba mji wa kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, kwamba nyumba ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, na kwamba njia zake zilipimwa kwa miguu ya watu na punda, kuna vichochoro ukikutana na punda amebeba mifuko ya simiti inabidi ujibanze ukutani upite kwa ubavu. Kwenye "nimesikia" weka zile habari za mtoto aliyegongwa karibu na madrasa, mpaka upate nani, lini, wapi. Na kwenye "nataka" weka "mji ukae kimya kama zamani". Una haki ya kutaka, lakini nimesoma kazi nyingi sana ambazo "nataka" imevaa nguo za "najua", na huyo ndo mtu anayeandika "imethibitika kwamba".

Halafu nenda usimame. Sio wasap, usimame wewe mwenyewe na daftari, kwenye jeti na pale Mkunguni mbele ya ngome, asubuhi kabla ya saa mbili, baada ya adhuhuri, na jioni karibu na maghrib. Kila boda inayopita piga msitari, lakini pembeni andika imebeba nini. Hiyo safu ya pembeni ndo itakayokubadilisha mawazo, manake kelele ya pikipiki ni ile ile lakini moja imebeba kijana anayejionyesha, nyingine imebeba mzee aliyeshuka kwenye boti ya Faza na karatasi ya hospitali mkononi, nyingine ina debe mbili za samaki wanaoanza kulegea. Andika pia punda na mikokoteni, usiangalie upande mmoja.

Ukitaka karatasi za kaunti, kwa mfano ile amri yenyewe ya kuzuia boda ama kumbukumbu za vikao, kifungu cha 35 cha katiba kinakupa haki ya habari na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Sasa fanya hesabu na semesta yako. Barua iende wiki ya kwanza, nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Wasipojibu, ile nakala yenye muhuri ni habari pia, iweke kwenye kazi yako.

Hatua ya 3: andika waliomo, halafu tafuta wasiokuwepo

Hapa ndo nawaomba mkae sana.

Orodha ya kwanza kila mtu anaijua: wenye boda, kaunti, wazee wa mji, watalii, watu wa makumbusho. Na ukienda kuwatafuta utawapata kirahisi, hasa wazee, manake wamekaa Mkunguni chini ya miti wanakunywa kahawa na wanapenda kuongea. Lakini angalia vizuri nani amekaa pale. Hakuna mwanamke hata mmoja. Ukiandika "wakazi wa Lamu wanasema" na wote uliowauliza ni wanaume wa baraza moja, umeuacha nusu ya mji nyumbani, tena ile nusu ambayo ndo inayotembea na watoto wadogo kwenye hivyo vichochoro, na buibui limefika chini, na pikipiki inakuja nyuma. Kama wewe ni mvulana usiende kubisha hodi nyumba za watu mchana wanaume hawapo, utaleta maneno. Mtafute msichana wa darasa lenu mfanye pamoja, ama dadako akupeleke kwa khala yenu na yeye awepo.

Halafu lile neno "wenye boda" ulipasue. Vijana wengi unaowaona juu ya pikipiki, pikipiki si zao. Kuna tajiri mahali, na kila jioni dereva lazima apeleke hesabu, yaani pesa ya siku ya tajiri, ibaki isibaki. Ukizuia boda leo tajiri atavusha pikipiki zake Mokowe ama ataziuzia watu wa Mpeketoni, hasara yake ni ndogo. Dereva ndo anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hivyo mzigo wa marufuku haumwangukii yule aliyefaidika zaidi, na hilo ni jambo zito la kimaadili ambalo mtu aliyeandika "wenye boda" hawezi kuliona.

Wenye punda na wenye mikokoteni nao wamo, hao boda ikipita ni riziki yao inapita. Na punda mwenyewe? Msicheke. Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1789 alishasema kwamba kwa wanyama tusiulize kama wanaweza kusema wala kufikiri, tuulize kama wanaumia. Lamu kuna watu wa The Donkey Sanctuary miaka mingi sasa wanatibu punda, nenda uwaulize wanatibu vidonda vya aina gani na vinatokana na nini. Mtu akikwambia "turudi kwenye punda kama zamani" bila kusema mzigo uwe kilo ngapi, anamtupia mzigo yule asiyekuja kikaoni.

Wengine wa kutafuta: mgonjwa wa usiku anayetoka mtaa wa Mkomani kwenda hospitali ya King Fahd. Watu wa Kizingitini na Siyu ambao mji huu si wao lakini ofisi na hospitali wanazifuata hapa. Na watoto ambao hawajazaliwa, watakaoukuta mji umebaki ama umebomoka. Hao wa mwisho huwezi kuwahoji, inabidi wewe uwasemee, na useme wazi kwamba unawasemea.

Hatua ya 4: ruhusa, na namna ya kuongea na watu

Kama utamuuliza mtu hata swali moja, anza na lekchara wako akwambie kama kazi yako inahitaji kupita kamati ya maadili ya chuo. Kazi ya darasani nyingi zina ruhusa nyepesi, lakini ikiwa ni utafiti kamili wa kuhitimu utahitaji na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa ruhusa za utafiti, na hiyo usiiombe wiki ya mwisho. Ukishuka mtaani piga hodi kwa chifu na kwa mzee wa mtaa, hata kama sheria haikulazimishi. Mji mdogo, mtu anayeandika andika bila kujulikana ni nani anageuka kuwa mpelelezi kabla ya jua kuzama.

Kwa nini yote haya? Kwa sababu watu walishaumizwa. Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende, hawakuambiwa wanaumwa nini hasa, na hata penicillin ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende, tangu miaka ya 1940, hawakupewa. Walikuwa wakiangaliwa tu ugonjwa unaendaje. Fedheha hiyo ndo iliyozaa ripoti ya Belmont ya 1979, mwongozo wa Marekani wa maadili ya utafiti, na mambo yake matatu ndo yako kwenye karibu kila fomu ya ruhusa unayoiona: mheshimu mtu na uamuzi wake, usimdhuru na umfae ukiweza, na faida na mzigo vigawanywe kwa haki.

Kwa vitendo, kwa mtu wa punda pale pwani, haihitaji fomu ya Kiingereza ya kurasa tatu. Inahitaji hivi:

"Assalamu alaykum ami. Mimi ni mwanafunzi, naandika kazi ya chuo kuhusu njia za mji. Hakuna pesa ndani yake na mimi sina nguvu yoyote kaunti. Nina maswali ya kama dakika ishirini, ukichoka ama swali usilitake unaniambia tunaacha, na jina lako siandiki. Naweza?"

Halafu unyamaze. Usijaze kimya. Mara nyingi jibu ni "sasa mwanangu, na sisi tutapata nini?", na jibu lake la kweli ni "ami, hutapata kitu, ila nikimaliza nitakuletea nilichokiandika." Usiahidi mradi, usiseme "sauti yenu itafika juu". Haitafika juu, itafika kwa lekchara.

Kuficha jina peke yake Lamu hakutoshi. Ukiandika "dereva mmoja wa Gadeni, miaka 24, aliyewahi kuwa baharia, anachechemea" umemtaja, bado nambari ya kitambulisho tu. Badilisha ama toa vitu mpaka watu wa mtaa wake mwenyewe wabaki wanabahatisha. Sauti ulizorekodi kwenye simu zifute ukishaandika, na simu iwe na nywila, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 haimsamehi mtu kwa sababu ni mwanafunzi. Wa chini ya miaka 18 usimhoji bila mzazi kukubali, na yeye mwenyewe pia akubali.

Na nyinyi wa Malindi, kuna kila semesta mtu anataka kuandika Shakahola, pale wafuasi wa mhubiri walipofunga kula mpaka wakafa. Ule msitu ulifukuliwa maiti zaidi ya 400 kuanzia 2023, familia zimetoa damu na mate za DNA, zimengoja, zimehojiwa na polisi, waandishi, maseneta, watafiti. Ukitaka kuandika kuhusu mipaka ya uhuru wa dini ama wajibu wa maafisa walioambiwa mapema, andika, ripoti ya kamati ya Seneti ipo, tumia hiyo. Lakini usiende kubisha mlango wa mtu aliyepoteza watoto ili upate nukuu ya ukurasa wa sita.

Hatua ya 5: sasa ndo uwatoe wanafalsafa

Wanafalsafa ni miwani. Huvai zote mara moja na huvai moja mwaka mzima, unavaa hii unaandika ulichokiona, unaivua unavaa nyingine. Kosa la wanafunzi ni kueleza miwani imetengenezwa vipi kisha hawaangalii kitu nayo.

Ya matokeo. Kila chaguo litaleta nini, kwa nani, kwa muda gani. Ukiruhusu boda: mgonjwa anafika haraka, vijana wanapata kitu, kelele zinaongezeka, hatari kichochoroni inaongezeka, na jina la mji linaanza kuharibika huko nje, na likiharibika nani anakula? Wenye nyumba za wageni, na pia yule mama anayeuza mahamri asubuhi. Usihesabu vichwa peke yake. Watu mia wakipunguziwa kutembea dakika tano hawalingani na mmoja aliyevunjwa mguu, na ukisema wanalingana ueleze kwa nini.

Ya haki na taratibu. Hii watu wa Lamu tunaijua kuliko darasa lolote. Mahakama kuu 2018 iliona haki za wavuvi wetu zilivunjwa kwenye ujenzi wa bandari ya LAPSSET (ule mradi wa bandari mpya ya Lamu na barabara zake), ikatoa amri ya fidia ya karibu shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi zaidi ya 4,000. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, baraza la taifa la kusikiliza rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa sawasawa. Angalia hapo: umeme uliahidiwa, kazi ziliahidiwa, kwenye miwani ya matokeo mtu angeweza kukuonyesha faida, na bado jambo likaonekana bovu kwa vile lilivyofanywa. Lete hilo kwenye boda. Je hao vijana waliitwa kabla ya marufuku? Kuitwa Jumatatu ukasikilizwa na Jumanne amri ishachapwa si kushirikishwa, ni kuarifiwa.

Tulipiga kelele kwa haki yetu ya kushirikishwa mbele ya serikali kuu, sasa kijana wa boda akisema maneno yale yale mbele yetu mbona tunamwona mhuni? Hilo swali liweke kwenye kazi yako hata kama litakuudhi, mimi mwenyewe linaniudhi.

Ya mgao. Nani kila siku anabeba ili wengine wafaidike? Malindi mfano mzuri ni Magarini, tume ya taifa ya haki za binadamu ilifanya uchunguzi wa wazi kule na ripoti ya 2006 ikaweka malalamiko ya wakazi juu ya makampuni ya chumvi, mambo ya ardhi na mazingira na hali za wafanyakazi. Chumvi inaliwa Kenya nzima, mzigo uko Gongoni na Marereni. Lamu nayo: urithi ni wa dunia nzima, wageni wanapiga picha za kichochoro kitulivu, na utulivu huo unalipiwa na kijana aliyenyimwa kazi. Labda ni haki alipe. Lakini basi arudishiwe kitu.

Ya dini yetu. Mkiwa Waislamu mnaitumia kila siku hata bila kujua, itumieni na kwenye kazi: hakuna kudhuru wala kudhuriana, na kanuni ya mafaqihi (wanachuoni wa sheria ya Kiislamu) kwamba kuzuia madhara kunatangulia kuleta manufaa. Ile ya Ghazali, mwanachuoni wa zamani, ya kulinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali inasaidia sana kupanga uzito, manake nafsi ikigongana na mali unajua uanzie wapi. Ila isiwe ya kufunga mjadala. Ukiandika "Uislamu unasema" ukanyamaza, lekchara wako pengine ni Mkamba wa kanisani, muonyeshe njia uliyopita mpaka ukafika hapo, aweze kukufuata hata kama haamini unachoamini.

Kuna na ile ya tabia, huu uamuzi unatufanya watu wa namna gani, hiyo fupi tu, aya moja inatosha.

Ukimaliza utaona miwani hazikubaliani. Usiogope na usizilazimishe. Pale zinapogombana ndo kazi yako inaanza, na paandike kwa jina: "matokeo yanasema zuia, haki inasema si kwa njia hii."

Hatua ya 6: amua, na umtaje anayeumia

"Kuna faida na hasara" si uamuzi. Andika uamuzi wa msitari mmoja ama miwili, kisha masharti, kisha nani anapoteza, kisha yeye unamfanyia nini.

Mimi ukiniuliza nitasema: ndani ya vichochoro hapana, kabisa, manake pale boda na mtoto hawawezi kupishana salama na hilo ni la nafsi. Barabara ya pwani, mizigo saa za asubuhi mapema, na dharura ya hospitali saa yoyote. Mitaa ya nje, Kandahari na Wiyoni huko, waendelee, lakini wapewe steji inayojulikana na yenye kivuli. Anayepoteza ni dereva asiye na pikipiki yake, kwa hivyo amri isianze kabla ya kukaa na yeye (sio tajiri wake) na kumpa nafasi ya kwanza kwenye kazi ya kubeba wagonjwa kwa malipo ya kaunti. Watu wananiambia lete pikipiki za umeme yaishe. Kelele na moshi zitapungua kweli, lakini mguu uliogongwa na pikipiki ya umeme umevunjika vile vile.

Wewe unaweza kuamua kinyume changu ukapata alama zote. Ninachotafuta nikisahihisha ni kama uamuzi wako ungeweza kuusoma kwa sauti mbele ya yule anayeumia, na sababu ulizoandika ziwe zile zile utakazompa yeye. Kama kwenye karatasi sababu ni "urithi" na moyoni ni "hawa vijana sio wa mji huu", utajijua mwenyewe, na kwenye maandishi huwa inaonekana.

Hatua ya 7: mpe mpinzani wako nguvu

Aya moja, lakini ya kweli. Usimlete mpinzani mjinga. Wa kwangu angesema: masharti yako yanahitaji askari wa kaunti wa kusimama pwani kila siku, na askari mwenye mamlaka ya kusema hii ni dharura ama si dharura ni askari wa kupewa mia mbili. Ana haki. Kwa hivyo ama niandike usimamizi tofauti, labda kamati ya mtaa yenye dereva na mama mmoja ndani, ama nikubali kwamba marufuku kamili ni chafu lakini ni rahisi kusimamia. Sijamaliza kumjibu huyo mtu na kwenye kazi ningeandika hivyo hivyo.

Hatua ya 8: rudisha

Ulimwambia ami utamletea. Mpelekee. Chapa ukurasa mmoja wa Kiswahili, maneno ya kawaida, ulichoona na ulichoamua, bila Kant. Peleka kabla ya kukabidhi chuoni, wiki moja hivi, manake kuna vitu umeelewa vibaya na wao ndo watakwambia, "aa mwanangu, hiyo hesabu ya jioni si ya kila siku, Ijumaa hatupeleki", na hapo unarekebisha mapema. Kwa kina mama apeleke yule yule aliyewauliza. Mkunguni mzee mmoja atausoma kwa sauti na wengine watabisha, kaa uandike ubishi wao uuweke mwishoni mwa kazi kama nyongeza.

Ya wenye boda usiitume kwenye grupu lao la wasap peke yake, wengine wana simu za kubofya na wengine watasoma msitari wa kwanza tu waanze kutukana. Ichape, uipeleke steji asubuhi kabla hawajatawanyika, uwasomee, na nakala ya lekchara iandikwe juu tarehe uliyowasomea na walichokukatalia.